Namna ya kusoma vila pacha za enzi ya Malkia Victoria

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya zamani iliyoungana na jirani kwa upande mmoja. Ukuta wa mbele ulikuwa ukitoa jasho. Niliupangusa, nikaupaka dawa, nikaupaka rangi. Wiki tatu baadaye ukungu mweusi ukarudi palepale. Siku moja jirani, mama mzee aliyekaa upande wa pili tangu ujana wake, aliniomba nimsaidie kushusha sanduku. Chumba chake kilikuwa sawasawa na changu, ila kimegeuzwa kama sura kwenye kioo: dirisha lilelile, meko yaleyale, ukuta uleule. Lakini wake ulikuwa mkavu. Nikatoka nje, nikavuka barabara, nikazitazama nyumba zote mbili kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Upande wake matofali yalikuwa wazi, yameunganishwa kwa chokaa. Upande wetu mtu alikuwa amepiga lipu ya saruji kutoka chini hadi usawa wa dirisha.

Tangu siku hiyo sitazami nusu moja ya nyumba hizi bila kuitazama na nusu ya pili. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Vila pacha ni nyumba mbili zilizojengwa siku moja, na fundi mmoja, kwa ramani moja iliyogeuzwa, zikashirikiana ukuta wa katikati. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na katika miaka hiyo jozi za namna hii zilijengwa kwa maelfu pembezoni mwa miji ya Uingereza. Kila kilichopotea kwa pacha mmoja, huenda mwenzake bado anacho. Ndiyo maana jozi husomeka vizuri kuliko nyumba iliyosimama peke yake.

Unahitaji daftari, penseli, na simu inayoweza kuvuta picha karibu. Darubini ndogo ikiwepo ni bora zaidi. Nenda asubuhi ya majira ya baridi, miti ikiwa haina majani na jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mabonde na viraka vya ukuta. Simama kwenye njia ya waenda kwa miguu, usiingie uani kwa mtu, wala usipige picha za waliomo ndani. Mwenye nyumba akitoka, msalimu na umwambie unachotazama. Wengi hufurahi, na wengine watakupa habari ambazo hutazipata kokote.

Hatua ya kwanza: vuka barabara, utafute mstari wa kati

Ukisimama karibu utaona mlango na dirisha. Ukisimama ng'ambo utaona alichokusudia mjenzi: nyumba moja kubwa. Hapa ndipo penye siri ya nyumba hizi. Karani wa benki au mfanyabiashara wa kati hakuwa na uwezo wa jumba la kujitegemea lenye bustani pande zote nne. Lakini wawili wakigawana ukuta mmoja na paa moja, kila mmoja angepata bustani upande wa tatu, njia ya pembeni ya kupitishia makaa na taka, na sura ya jumba ambalo hakuna kati yao angeweza kulimudu peke yake.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko Victoria. Ramani ya mwaka 1794 ya ardhi ya familia ya Eyre, pale St John's Wood, London, tayari ilionyesha nyumba zikiwa zimepangwa mbilimbili. Kule Blackheath, kwenye kile kinachoitwa The Paragon, msanifu Michael Searles aliunganisha jozi zake kwa safu za nguzo zikafanya nusu duara. Pale Lloyd Square, mtaa wa Islington, kila jozi imefunikwa pembetatu moja pana ya paa, hivi kwamba jicho linakataa kabisa kuona nyumba mbili. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko Porchester Terrace, Bayswater, namba 3 na 5. Mtaalamu wa bustani John Claudius Loudon, Mskoti, aliujenga katikati ya miaka ya 1820 akaishi humo na baadaye mkewe Jane, mwandishi wa mambo ya bustani. Loudon aliipeleka milango yote miwili pembeni, kisha katikati, mahali ambapo mgawanyiko ungeonekana, akaweka chumba cha vioo chenye kuba kwa ajili ya mimea. Ukiwa barabarani unaona jumba moja lenye kuba. Ni nyumba mbili.

Basi ukiwa ng'ambo, inua mkono ufunike nusu ya kushoto, kisha nusu ya kulia. Nusu moja peke yake ikionekana imekatwa, haina mizani, ujue mjenzi alitaka jozi isomeke kama kitu kimoja. Ikiwa kila nusu inajitosheleza, ina pembetatu yake ya paa na dirisha lake lililotokeza, basi wanunuzi walikuwa wameanza kutaka kila mtu aonekane na chake. Utaikuta sura hii zaidi kadiri karne inavyosonga.

Hatua ya pili: milango iko wapi?

Mahali pa mlango panakueleza ndani palivyopangwa kabla hujaingia. Kuna mipango mitatu ya kawaida.

Milango ikiwa imekaa pamoja katikati, mara nyingi chini ya kibaraza kimoja, maana yake korido na ngazi za nyumba zote mbili zimeegemezwa kwenye ukuta wa pamoja. Sebule zimesukumwa nje, mbali na jirani. Mtoto wa jirani akipiga piano, sauti inapita korido mbili kabla ya kukufikia.

Milango ikiwa kwenye ncha, kushoto kabisa na kulia kabisa, sebule ndizo zinazogusana, na meko ya vyumba hivyo mara nyingi yamepeana mgongo kwenye ukuta wa kati. Nyumba niliyopanga ilikuwa hivi. Nilizijua ratiba zote za redio za yule mama.

Mpango wa tatu ni milango ya ubavuni, ndani ya kijumba kilichorudi nyuma kidogo. Huu ndio unaoficha zaidi, kwa kuwa uso wa mbele unabaki madirisha matupu kama jumba la shambani.

Andika umekuta upi. Kama mlango mmoja uko mbele na mwingine ubavuni, chunguza zaidi: ama ndivyo ilivyojengwa kwa kuwa kiwanja kiko kwenye kona, ama mmoja umehamishwa nyumba ilipogawanywa kuwa fleti. Tafuta kiraka cha matofali ya rangi tofauti mahali mlango ulipokuwa.

Hatua ya tatu: hesabu dohani

Inua macho. Kila meko yana njia yake ya moshi, na kila njia ya moshi ilimalizikia kwenye chungu chake cha udongo juu ya dohani. Ukihesabu vyungu umehesabu meko, na ukihesabu meko umekaribia kuhesabu vyumba vilivyostahili moto. Dohani moja nene katikati yenye vyungu 12 maana yake sita kwa kila upande. Dohani zikiwa kwenye kuta za nje, rudi kwenye hatua ya pili ulinganishe na milango: mara nyingi utakuta milango iko katikati.

Ukikuta vyungu sita kushoto na viwili kulia, pacha wa kulia amepunguza, pengine baada ya makaa kuachwa mijini. Na ukikuta dohani imekatwa nusu kwa urefu, upande mmoja umesimama na mwingine umeshuka, hapo kuna kazi iliyofanywa bila majirani kusikilizana. Napaona pabaya, na si kwa sababu ya sura peke yake: dohani iliyokatwa hivyo huacha mlango wa maji.

Hatua ya nne: paa

Paa la asili kwa sehemu kubwa ya nchi ni vigae vyembamba vya mawe ya sleti, rangi ya kijivu au zambarau iliyokolea. Vilitoka kaskazini mwa Wales, kwenye machimbo kama Penrhyn na Dinorwic, vikasafirishwa kwa meli na baadaye kwa reli. Sleti ni nyepesi, na kenchi za mbao zilipimwa kwa uzito huo.

Tazama mstari wa kati wa paa. Mara nyingi sana utaona sleti upande mmoja na vigae vizito vya zege upande wa pili, na mshono kati yao. Zege ni zito kuliko sleti, kwa hiyo fuatisha kilele cha paa kwa jicho, kutoka ncha hadi ncha: kikiwa kimebonyea kama mgongo wa punda upande wa zege, kenchi zimelemewa. Angalia pia mbao za nakshi pembeni mwa paa na vigae vya urembo kileleni. Upande mmoja ukiwa nazo na mwingine hauna, chora picha ya ule wenye nazo. Huo ndio utakuwa kielelezo cha fundi siku mwenzake akitaka kurudisha.

Hatua ya tano: ukuta

Ukuta ukiwa umepigwa lipu laini na kupakwa rangi ya maziwa, tena umechorwa mistari ili ufanane na mawe makubwa yaliyochongwa, unatazama mtindo wa Kiitalia. Ulipendwa sana katika miaka ya 1830 hadi 1850, na ukapata nguvu zaidi pale Mwanamfalme Albert, mume wa Victoria, aliposhirikiana na mjenzi Thomas Cubitt kujenga Osborne House kwenye kisiwa cha Wight kati ya 1845 na 1851. Paa lililotokeza sana juu ya ukuta, likibebwa na mabano kwa mabano, ni alama nyingine ya mtindo huo.

Matofali ya rangi mbili tatu, mikanda myekundu na myeusi ikipita kwenye manjano, matao yenye ncha juu ya madirisha na milango: huo ni mtindo wa Kigothi, na uliingia mitaani kuanzia miaka ya 1850. John Ruskin, mhakiki aliyekulia katika nyumba pacha pale Herne Hill kusini mwa London, alisifu kwa moyo wote kuta za rangi za Venice, na wajenzi wa vitongoji wakamsikia kwa namna yao. Ukitaka kuuona mtindo huu katika hali yake nzuri nenda Oxford ya Kaskazini, kwenye ardhi ya St John's College, hasa Norham Manor iliyopangwa na William Wilkinson katika miaka ya 1860.

Matofali mekundu, mbao zilizopakwa rangi nyeupe, kuta za juu zilizovikwa vigae: huo ni mtindo walioupa jina la Malkia Anne, ingawa malkia huyo alifariki mwaka 1714. Bedford Park, magharibi mwa London, ulioanzishwa na Jonathan Carr mwaka 1875 na kusanifiwa na E. W. Godwin na Richard Norman Shaw, una jozi nyingi za aina hii.

Usifunge hesabu kwa mtindo peke yake. Mjenzi wa mji mdogo aliweza kuchelewa miaka 15 nyuma ya London, na wengine walichanganya: tao la Kigothi mlangoni, mabano ya Kiitalia juu.

Sasa sogea, utazame tofali lenyewe. Ukuta wa enzi hizo kwa kawaida ni mzito bila uwazi ndani, unene wa tofali moja zima, yaani inchi 9, au zaidi. Ili kuufunga, mwashi alilaza baadhi ya matofali yakielekea ndani, kwa hiyo nje unaona vichwa vifupi kati ya mbavu ndefu. Mpangilio wa kichwa, ubavu, kichwa, ubavu katika mstari mmoja huitwa mpangilio wa Kiflemi. Mstari mzima wa vichwa ukifuatiwa na mstari mzima wa mbavu ni mpangilio wa Kiingereza. Ukikuta sehemu yenye mbavu tupu bila kichwa hata kimoja, mara nyingi ni ukuta wa karne ya 20 wenye uwazi ndani, na pengine ndiyo nyongeza uliyokuwa unaitafuta.

Hatua ya sita: madirisha

Hapa kaa muda mrefu. Dirisha la kawaida ni la kupandisha na kushusha: fremu mbili za mbao, moja mbele ya nyingine, zikining'inia kwa kamba zilizofungwa kwenye vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya kisanduku pembeni. Ukilifungua kidogo juu na kidogo chini, hewa ya moto inatoka juu na ya baridi inaingia chini. Nimelala katika nyumba mpya zenye madirisha ya plastiki ya bei, na hakuna lililowahi kupumua kama lile la miaka 150.

Historia ya kodi imeandikwa usoni mwa madirisha haya. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696, ikaifuta 1851. Kodi ya vioo ilifutwa 1845, ya matofali 1850. Ndani ya miaka sita, vitu vitatu anavyohitaji mjenzi vikawa vimefunguliwa minyororo. Kabla ya hapo kioo kikubwa kilikuwa ghali, kwa hiyo fremu moja iligawanywa vipande vidogo, mara nyingi sita juu na sita chini. Baadaye vipande vikapungua: viwili juu na viwili chini, kisha kimoja na kimoja. Kioo kikubwa ni kizito, na mbao za kati zilizokuwa zikiifunga fremu zimeondoka, kwa hiyo mafundi wakaongeza vipembe vidogo vilivyochongwa kwenye ncha za chini za fremu ya juu ili kuimarisha viungo. Vipembe hivyo vilianza kuenea katikati ya karne ya 19. Ukivikuta kwenye dirisha la vipande sita-sita, uwezekano mkubwa fremu imebadilishwa, hata kama ukuta ni wa zamani zaidi. Mtindo wa Malkia Anne nao ulirudisha vipande vidogo juu na kuacha kioo kimoja chini. Usije ukaudhani ni wa kale.

Tazama pia kioo kwa ubavu. Kioo cha zamani kina mawimbi. Tawi la mti linalojitokeza ndani yake linacheza ukisogeza kichwa. Pacha mmoja akiwa na mawimbi na mwingine akiwa bapa kama simu, umeshajua nani ameguswa.

Urefu wa madirisha nao una maana. Marefu kabisa yako ghorofa ya wageni, iliyoinuliwa kwa ngazi chache kutoka ardhini. Yanafupika kadiri unavyopanda. Chini, nusu ndani ya ardhi, kuna madirisha ya jiko katika jozi za awali. Baadaye jiko lilihamia upande wa nyuma. Na juu kabisa, darini, kile kidirisha kidogo kama cha meli: mara nyingi hapo ndipo alipolala binti wa kazi, aliyepanda ngazi zote hizo na ndoo ya makaa. Kila nikiona kidirisha hicho namkumbuka yeye kabla ya mwenye nyumba.

Hatua ya saba: linganisha pacha na pacha

Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto andika pacha wa kushoto, kulia wa kulia. Shuka kutoka kileleni hadi kizingitini, ukiandika kitu kimoja kimoja, upande kwa upande. Vyungu vya dohani. Sleti. Mbao za nakshi. Mifereji ya paa, ya chuma cha kusubu au ya plastiki. Madirisha. Rangi ya matofali: pacha mmoja akiwa mweusi kwa moshi wa makaa na mwingine wa manjano safi, huyo wa pili ameoshwa, tazama kama uso wa tofali umebaki laini au umekwaruzwa, maana kupuliza mchanga huondoa ngozi ngumu ya tofali na kuacha nyama laini inywe maji. Mlango: wa zamani kwa kawaida una paneli nne. Sakafu ya kibaraza: vigae vya udongo vya rangi, vilivyopangwa kwa maumbo, kama vile vilivyotengenezwa na Minton wa Stoke-on-Trent.

Ukifika kwenye ukuta mfupi wa barabarani, angalia juu ya mawe yake. Ukiona msururu wa vidoti vya risasi au visiki vya chuma vilivyokatwa, hapo palikuwa na uzio wa chuma ulioondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipokusanya vyuma kuanzia 1941. Kipande kifupi kilichosalia pembeni, pengine kwa sababu kilizuia mtu asitumbukie kwenye shimo la ngazi za jiko, kinatosha kukuonyesha uzio wote ulikuwaje.

Ukimaliza, zungushia duara kila mstari ambao pande mbili zinafanana. Hayo yanayofanana ndiyo yanayoelekea kuwa ya asili, kwa kuwa ni vigumu wenye nyumba wawili tofauti wabadilishe kitu kilekile kwa namna ileile. Yasiyofanana ndiyo historia ya baadaye. Ni kanuni rahisi, lakini imenisaidia kuliko picha zote nilizowahi kupiga. Tahadhari moja: jozi iliyowahi kumilikiwa na mtu mmoja, au kugeuzwa kuwa hoteli au shule, inaweza kuwa imebadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Hapo toka kwenye jozi, utazame jozi ya pili mtaani.

Hatua ya nane: kama unaishi ndani yake, tazama maji kwanza

Ukuta mzito wa matofali na chokaa hauzuii maji kwa kuyafungia nje. Unayanywa kidogo mvua ikinyesha, kisha unayaachia kupitia viungo vya chokaa jua na upepo vikija. Ukiufunika kwa saruji, maji yaliyoingia kwa ufa mdogo hayapati pa kutokea ila ndani, kwako. Anayetoka Mji Mkongwe wa Zanzibar anaijua habari hii: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama vizazi na vizazi, na zile zilizozibwa kwa saruji ndizo zinazobanduka lipu na kutoa chumvi. Tofali la London na jiwe la matumbawe si ndugu, lakini chokaa iliyoko kati yake ina tabia ileile.

Basi fanya hivi. Zunguka nje mvua ikinyesha, uone mlizamu upi unavuja na mfereji upi umejaa majani. Pima urefu kutoka ardhini hadi usawa wa sakafu ya ndani: udongo au zege la nje linapaswa kuwa angalau milimita 150 chini ya mstari wa kuzuia unyevu, kama upo. Mstari huo ni safu ya sleti au lami iliyolazwa kati ya matofali ya chini. Ulianza kudaiwa na kanuni za ujenzi katika robo ya mwisho ya karne ya 19, kwa hiyo jozi nyingi za mapema hazikuwa nao. Ukiona msururu wa vitundu vilivyozibwa karibu na ardhi, mtu alishawahi kudunga dawa ya unyevu. Tazama viungo vya matofali: chokaa inakwanguka kwa ukucha, ina rangi ya maziwa au mchanga, saruji ni ya kijivu na inakwangua ukucha wako. Halafu nenda kamwone jirani umuulize ukuta wake ukoje.

Mpangaji usiguse ukuta. Piga picha za pande zote mbili, mwandikie mwenye nyumba, mweleze tofauti. Kwetu ilichukua muda na barua nne, lakini lipu ya saruji ilibanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke majira yote ya joto, viungo vikajazwa upya kwa chokaa. Ukungu ulikoma.

Mwenye nyumba anayetaka kubomoa, kutoboa au kuchimba karibu na ukuta wa pamoja huko Uingereza na Wales anafungwa na sheria ya mwaka 1996 kuhusu kuta za pamoja: kwa kazi ya ukuta wenyewe, jirani apewe taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Na nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni kubadilisha madirisha tu.

Hatua ya tisa: nyaraka

Anza na orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria inayotunzwa na Historic England. Inasomeka bure mtandaoni. Majengo mengi mno yaliyomo yako daraja la II, yaani daraja la chini la ulinzi, na jozi nzima mara nyingi huandikwa kama ingizo moja. Wales wana orodha yao chini ya Cadw, idara yao ya mambo ya kale.

Kisha ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka bure mtandaoni ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la serikali la upimaji na ramani, za Uingereza na Wales pia. Ile ya inchi 25 kwa maili, iliyoanza miaka ya 1850, inaonyesha hadi mstari wa ukuta wa kati na vyumba vya vioo vya bustani. Ikiwa jozi yako haipo kwenye ramani ya kwanza na ipo kwenye ya pili, umeshaifungia kati ya miaka miwili inayojulikana. Hapo rudi kwenye vipembe vya madirisha na mtindo wa ukuta ukapunguze zaidi.

Mwisho, sensa. Ilifanyika kila miaka 10, na kuanzia 1841 ina majina ya waliolala nyumbani usiku ule. Karatasi za 1921 zilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Kuanzia 1851 utakuta kazi ya kila mtu na alikozaliwa. Tafuta mtumishi. Ukilipata jina lake na umri wake, nenda tena ukatazame kile kidirisha cha darini.

Hatua ya kumi: andika

Andika kwa ufupi, kwa mpangilio uleule kila mara, ili jozi moja iweze kulinganishwa na nyingine. Mimi huandika hivi:

"Jozi ya vila pacha, huenda miaka ya 1860. Matofali ya manjano yenye mikanda miwili myekundu, mpangilio wa Kiflemi. Paa la sleti, upande wa kulia limebadilishwa kwa vigae vya zege. Ghorofa mbili, jiko la chini na dari. Milango kwenye ncha, yenye matao ya ncha; wa kushoto ni wa asili, paneli nne. Dohani katikati, vyungu sita kushoto, vinne kulia. Madirisha viwili kwa viwili yenye vipembe, upande wa kushoto pekee. Visiki vya uzio wa chuma. Imeonekana kutoka barabarani, ndani sikuingia."

Sentensi ya mwisho usiiache kamwe, kwa sababu atakayesoma baada yako anahitaji kujua macho yako yaliishia wapi. Weka tarehe, andika hali ya hewa, na uache mistari mitano mitupu chini yake. Utarudi mtaa ule siku nyingine, jua likiwa upande mwingine, na mistari mitano haitatosha.